Laini Inayokatika

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwalo la shule



Katibu aliponiandikia aliomba nichague jambo ambalo kijana wa kidato cha pili ataweza kwenda nalo bwenini, na mzee aliyemaliza hapa miaka ya sabini ataweza kwenda nalo nyumbani. Mtumishi wa Serikali akisimama jukwaani watu hutazamia mambo matatu: uzalendo, nidhamu na bajeti. Yote ni mema, ila leo nawaomba ruhusa niyaache. Nitazungumza juu ya nyaya mbili za shaba zinazotoka katika nguzo ya simu na kuingia nyumbani, na juu ya kazi inayompasa mtu kuifanya pale intaneti inayopita katika nyaya hizo inapokatika kila siku bila sababu kujulikana.

Mimi si mhandisi. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1997, na Chuo Kikuu nilisomea utawala. Haya nitakayoyasema nimeyapata mahali patatu: katika maabara ya Fizikia ya shule hii, kwa mafundi wa simu niliowauliza maswali bila kuona haya, na katika vitabu. Kama kuna mhandisi humu bwaloni, na najua wapo, anisahihishe wakati wa maswali.

Kwanza nieleze jambo lililotufika. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2018 alianza kusomea shahada akiwa nyumbani, huku akiendelea na kazi yake. Ada tuliilipa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na mkopo huo ulikatwa katika mshahara wake kila mwezi, asome asisome. Vipindi vyake vilipitia katika intaneti jioni, tangu saa moja hadi saa tatu usiku. Kila somo lilikuwa na vipindi 24, na aliyekosa zaidi ya sita hakuruhusiwa kufanya mtihani wa somo hilo.

Masika ya mwaka 2019 ilipoingia Dar es Salaam, laini yetu ikaanza kukatika. Mwalimu anaongea, sauti inakwamakwama, kisha kimya. Dakika tano inarudi, dakika kumi inakatika tena. Mwanzoni mwa Mei mke wangu alikuwa amekwisha kukosa vipindi vitano vya somo moja. Tuliripoti kwa kampuni ya simu mara tatu, na mara tatu tukajibiwa kwamba laini imepimwa na ni nzima.

Hapo nyumbani pakawa na majibu mengi. Jirani alisema ni mvua. Shemeji yangu alisema ni watoto na michezo yao. Fundi mmoja wa mtaani alisema modemu imezeeka, naye alikuwa na nyingine ya kuuza. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa na kipimo.

Ndugu zangu, mtu hawezi kutafuta hitilafu ya kitu asichojua kinavyofanya kazi. Kwa hiyo tuanze na nyaya zenyewe.

Simu ya nyumbani huletwa na nyaya mbili za shaba zilizosokotwa pamoja kama kamba, kutoka kituo cha simu, kupitia kabati la nyaya la mtaani, kisha nguzo, hadi katika soketi ukutani. Sauti ya mtu katika simu huchukua sehemu ndogo sana ya uwezo wa nyaya hizo, baina ya hezi 300 na 3400 tu. Juu ya hapo pana nafasi kubwa iliyokaa bure kwa miaka mingi. Wataalamu waligundua namna ya kuitumia nafasi hiyo kupitisha habari za kompyuta. Mfumo unaoitwa ADSL hutumia masafa kuanzia kilohezi 25 hivi hadi 1104, nao huyagawa katika vijia vidogo vidogo 256. Mfumo uliofuata, ADSL2+, ulipanda hadi kilohezi 2208 na kuongeza vijia vikawa 512. Modemu ya nyumbani na mtambo wa kituoni hupimana katika kila kijia, na kukubaliana ni mzigo kiasi gani kijia hicho kinaweza kubeba. Kijia chenye kelele hupewa mzigo mdogo, au huachwa kabisa.

Ndiyo maana simu inaweza kusikika vizuri huku intaneti ikiwa mgonjwa. Sauti na intaneti hukaa katika nyaya zile zile, lakini kila moja ina masafa yake. Hata kinyume chake hutokea: waya mmoja kati ya miwili ukikatika, simu hufa kabisa, lakini intaneti wakati mwingine huendelea kuchechemea kwa waya uliobaki. Basi mtu akikwambia kwamba simu inalia, kwa hiyo laini ni nzima, mshukuru, kisha uendelee kutafuta.

Jambo la pili la kujua ni kwa nini nyaya husokotwa. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alipata hataza ya nyaya za namna hiyo mwaka 1881. Faida yake ni hii. Kelele ya umeme inayotoka nje, iwe ya redio, ya mota au ya mashine ya kuchomelea, huzigusa nyaya zote mbili kwa kiasi kile kile, kwa kuwa zimekumbatiana. Mtambo unaopokea husoma tofauti kati ya waya huu na ule. Kelele iliyo sawa pande zote haina tofauti, kwa hiyo hufutika yenyewe. Lakini ufutaji huo una sharti moja: nyaya mbili zifanane. Mmoja ukiwa na kiungo kibovu chenye kutu, kelele haiwi sawa tena, na ile inayozidi huingia ndani ya mawasiliano. Naomba mlishike jambo hili, maana tutarudi kwake.

Sasa nije katika kazi yenyewe. Njia kutoka kompyuta ya mke wangu hadi kwa mwalimu wake ni ndefu, na hitilafu ingeweza kuwa popote. Utaratibu ni kuikata njia vipande, na kupima kipande kimoja kimoja.

Hatua ya kwanza ni kusoma taa. Kila modemu ya namna hii ina taa zake, na watu wengi huishi nayo miaka bila kujua maana zake. Taa moja huonyesha kama modemu imeshikana na mtambo wa kituoni kwa njia ya shaba. Nyingine huonyesha kama kampuni imekubali jina na neno la siri la mteja na kumfungulia njia ya intaneti. Nyingine ni ya waifai, yaani mawimbi yanayotoka katika modemu kwenda katika kompyuta na simu za mkononi. Nyumbani kwetu mambo haya matatu yalikuwa na jina moja tu: mtandao umekatika. Lakini kila moja ni ugonjwa wake. Taa ya shaba ikizimika au kumetameta, hitilafu iko katika modemu, nyaya au mtambo wa kituoni. Taa ya shaba ikitulia na ile ya intaneti ikizimika, tazama upande wa kampuni au akaunti. Taa zote zikitulia na kompyuta bado haipati kitu, anza na waifai.

Hatua ya pili ilikuwa kuiondoa waifai katika mashaka. Tulinunua waya wa mtandao wa mita tano, tukaiunga kompyuta moja kwa moja na modemu. Laini iliendelea kukatika vile vile, na taa iliyozimika ilikuwa ile ya shaba. Kwa waya wa bei ndogo tukawa tumeondoa nusu ya maneno yote yaliyokuwa yakisemwa, ikiwa ni pamoja na yale ya watoto na michezo yao.

Hatua ya tatu ni daftari. Nilichukua daftari la kawaida la shule, nikapiga mistari mitano: tarehe, saa, taa iliyozimika, hali ya hewa, na vitu vya umeme vilivyokuwa vikitumika. Kila mtu wa nyumbani aliruhusiwa kuandika, na sharti lilikuwa moja: andika ulichokiona, usiandike unachodhani. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa mwandishi hodari kuliko sisi sote.

Hatua ya nne ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vijana, sikilizeni hapa. Mtu mwenye hasira huchomoa kila kitu, hubadili nyaya, huhamisha modemu, huzima na kuwasha, na mambo yakitengemaa hajui ni lipi lililotengeneza. Kesho yakiharibika anaanza upya. Sisi tulianza na vichujio. Kila chombo cha simu kinachotumia laini yenye intaneti huhitaji kichujio kidogo, ili sauti na intaneti zisiingiliane. Kichujio kimoja kibovu, au simu moja ya chumbani iliyosahauliwa bila kichujio, yatosha kuisumbua nyumba nzima. Tulichomoa simu zote na vichujio vyote. Siku mbili tukaandika. Hakuna mabadiliko.

Kisha tukaziacha nyaya za ndani ya nyumba, maana nyumba za zamani huwa na nyaya za nyongeza zilizotandazwa na kila mpangaji aliyepita, na waya unaoning'inia bila kufika popote hurudisha mawimbi nyuma na kuyavuruga. Tukaipeleka modemu katika soketi ya kwanza kabisa, pale waya wa nguzo unapoingilia. Siku mbili nyingine tukaandika. Hali ikawa afadhali kidogo, lakini jioni laini ikakatika vile vile. Kisha tukaazima modemu ya rafiki. Nayo ikakatika. Basi modemu yetu haikuwa imezeeka, na yule fundi wa mtaani akakosa biashara.

Hatua ya tano ni kusikiliza. Chukua simu ya kawaida ya waya, iunge katika soketi ya kwanza, inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja tu ili mlio wa kuanzia ukome, kisha tulia. Laini nzima huwa kimya kama usiku wa kijijini. Yetu ilikuwa kimya mchana wa jua. Baada ya mvua ilisikika kama mtu anakaanga vitunguu.

Hatua ya sita ni kusoma namba za modemu. Karibu kila modemu ina ukurasa wake wa hali ya laini, ambao huonekana katika kompyuta iliyounganishwa nayo. Namba mbili ndizo muhimu, na zote hupimwa kwa desibeli. Ya kwanza huonyesha ishara imefifia kiasi gani njiani. Hiyo hutegemea zaidi urefu wa waya, na yetu ilikuwa 38, kiasi cha kawaida kwa nyumba iliyo kilomita mbili na zaidi kutoka kituoni. Ya pili huonyesha akiba iliyopo ya ishara dhidi ya kelele. Akiba ya 10 na zaidi ni raha. Ikishuka chini ya 6, laini huanza kuwa dhaifu. Ikikaribia sifuri, modemu hupoteza mshiko na kuanza upya kutafutana na kituo.

Tulizisoma namba hizo mara nne kwa siku, tukazitia katika daftari. Ile ya kwanza haikucheza sana. Lakini akiba! Saa sita mchana ilikuwa 13. Saa moja jioni, siku isiyo na mvua, ilikuwa 6. Saa moja jioni baada ya mvua ilikuwa 2, na dakika chache baadaye taa ikazimika.

Hapo daftari likaanza kusema. Jirani aliyesema ni mvua alikuwa na nusu ya ukweli, maana hata jioni kavu akiba ilianguka. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili yaliyokutana: moja linakuja na mvua, na jingine linakuja na giza.

Lile la giza wazee waliomo humu walijua tangu utoto wao bila kulipa jina. Mnakumbuka redio za bendi tatu? Mchana ulipata stesheni za karibu tu katika masafa ya kati. Usiku ukiingia, ukizungusha kitufe, unasikia stesheni za nchi za mbali zikigombania mahali pamoja. Sababu ni kwamba mchana jua hujenga tabaka la chini angani linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu, yakarudishwa chini mbali sana. Sasa tazameni namba: redio za masafa ya kati hukaa baina ya kilohezi 530 na 1600 hivi, na ADSL hupanda hadi 1104, na ile ya pili hadi 2208. Yaani waya wa simu unaoning'inia juu ya nguzo ni erio ndefu ya redio, na usiku hunasa stesheni nyingi kuliko mchana. Nyaya zilizo sawa huzifuta kelele hizo. Nyaya zenye kiungo kibovu huzikaribisha ndani.

Basi picha ikawa moja. Mahali fulani nje ya nyumba palikuwa na kiungo chenye kutu. Mchana wa jua kilivumilika. Jioni kelele za redio ziliongezeka, na kwa kuwa nyaya hazikuwa sawa, hazikufutika. Mvua ikinyesha, maji yaliingia katika kiungo na kuondoa akiba kidogo iliyobaki. Palikuwa na ushahidi mwingine katika daftari: mara tatu laini ilipata nafuu mara tu baada ya simu kulia. Umeme wa kawaida wa laini ni kama volti 48, lakini ule wa kuliza kengele huwa mkubwa zaidi, na msukumo wake huweza kupenya utando wa kutu katika kiungo na kukifanya kishike kwa muda. Baadaye kutu hurudi.

Hapa naomba mlione jambo lenyewe lililonileta jukwaani. Kampuni ilisema laini ni nzima, na haikusema uongo. Walipima saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi laini ilikuwa nzima. Sisi tulisema laini ni mbovu, nasi hatukusema uongo. Tulikuwa tukizungumzia saa mbili tofauti za siku moja. Tungeweza kugombana mwaka mzima, kila upande ukiwa na haki, na mama yule akakosa shahada yake.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Sikutumia neno hata moja la lawama. Nilitaja tarehe 14 za vipimo, nikaziweka namba za mchana, jioni na baada ya mvua katika safu tatu. Nikaeleza vitu tulivyokwisha kuviondoa: waifai, vichujio, nyaya za ndani, modemu. Nikamaliza kwa ombi moja: laini ipimwe baada ya saa kumi na mbili jioni, na fundi atazame viungo vya nje ya nyumba, hasa kama nyaya mbili ziko sawa. Nakala ya kurasa za daftari nikaambatisha.

Baada ya siku tatu alikuja fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, saa kumi na mbili na nusu jioni. "Shikamoo mzee," akasema, "wewe ndiye mwenye daftari?" Nikamwitikia marahaba, nikamkabidhi. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akapima katika soketi ya kwanza, akaenda nje na ngazi yake. Katika kisanduku cha juu ya nguzo, ambacho kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, alikuta kiungo kimegeuka rangi ya kijani. Alikikata, akaunga upya kwa viungio vyenye grisi ndani vinavyozuia maji, akabadili kifuniko. Kazi ya dakika arobaini. Usiku ule akiba ilikuwa 12. Mvua ya juma lililofuata ikanyesha kama kawaida yake, na akiba ikabaki 11.

Sitawaambia kwamba yote yalikwisha vizuri. Kabla ya fundi kufika mke wangu alikosa vipindi viwili zaidi vya lile somo, vikawa saba. Somo lile alilirudia mwaka uliofuata, na ada yake ikalipwa mara ya pili. Lakini masomo mengine manne aliyaokoa, na mwaka 2022 alivaa joho. Leo yumo humu bwaloni, na nina ruhusa yake kuyasema haya.

Nitoe tahadhari moja kwa vijana, kabla sijasikia kwamba mmoja wenu yuko juu ya nguzo. Mpaka wa kazi yako ni soketi ya kwanza. Nguzo, kisanduku na waya wa nje ni mali ya kampuni, na umeme wa kengele unaweza kukutikisa ukaanguka ngazini. Aidha kukiwa na radi usiguse waya wa simu, na ukiona wingu zito linakuja, chomoa modemu mapema. Kazi yako ni kupima, kuandika na kusema. Kazi ya nguzo ina wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme neno kwa wenzangu tulio maofisini, maana shule hii imetoa wengi. Mezani kwangu hupita barua za malalamiko kila siku ya kazi. Nyingi husema huduma ni mbovu, wahusika wachukuliwe hatua. Afisa akiipata barua ya namna hiyo hana mahali pa kuanzia. Hajui ni siku gani, saa ngapi, dirisha lipi. Hujibu kwa maneno ya jumla, kwa kuwa ameulizwa kwa maneno ya jumla. Barua yenye tarehe tatu na mambo matatu yaliyoonekana huondoka mezani siku ile ile kwenda kwa mtu anayehusika.

Lakini upande wa pili nao una wajibu, na huo ni upande wetu. Mwananchi akisema maji hayatoki, nasi tukaenda kufungua bomba saa tano asubuhi na kuona yanatoka, kisha tukaandika kwamba hakuna tatizo, tumepima wakati unaotufaa sisi. Yeye huyataka maji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda shamba. Anayepima saa za ofisi peke yake ataona matatizo ya saa za ofisi peke yake. Ni haki ya mlalamikaji kwamba shida yake ipimwe saa inapotokea, mahali inapotokea.

Najua wengine mnajiuliza: yote haya ya nini, na nyaya za shaba zinaondoka? Ni kweli. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, mambo yalianza kubadilika, na siku hizi nyumba nyingi mijini hutumia nyuzi za kioo au mawimbi ya simu za mkononi. Nyuzi za kioo hazioti kutu ya kijani, wala hazinasi redio za usiku. Lakini hukunjwa kupita kiasi zikapoteza mwanga, vichwa vyake huingia vumbi, na panya huzitafuna. Mnara wa simu nao hulemewa jioni watu wote wanaporudi nyumbani. Chombo kitabadilika, na maneno yatakuwa yale yale: mtandao umekatika. Na kazi itakuwa ile ile: soma taa, gawa njia, badili kimoja, andika, pima kwa saa inayohusika, kisha mpelekee mwenye dhamana karatasi anayoweza kuifanyia kazi.

Mambo haya hayakuanzia Chuo Kikuu. Katika maabara ile pale, mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kutafuta globu mbovu katika mstari wa globu sita. Alikataza kubahatisha. Ilikuwa lazima tuanze katikati, tupime, tujue hitilafu iko upande gani, kisha tugawe tena. Daftari lisilokuwa na safu ya kipimo halikusahihishwa. Tulilalamika sana wakati ule.

Kwa hiyo namaliza kwa pendekezo, siyo kwa mawaidha. Mkuu wa Shule ameniambia kwamba vipimaumeme vilivyoko maabara ni vinne, na vinavyofanya kazi ni viwili, kwa darasa la wanafunzi arobaini na zaidi. Napendekeza Umoja wetu ununue kumi kabla ya muhula ujao, pamoja na ubao wa mazoezi wenye nyaya, viungo na soketi, ambao mwalimu ataweza kuficha hitilafu ndani yake na wanafunzi wakaitafuta kwa zamu. Hautahitaji fedha nyingi. Mimi na mke wangu tumekwisha kuleta viwili, viko ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mhazini ana karatasi ya kuandikisha ahadi pale mlangoni, nami naomba kila atakayetoka aipitie.

Niko tayari kwa maswali, na kwa masahihisho ya wahandisi.